Iniesta: chenga moja na makofi ya wapinzani

Andrés Iniesta, kiungo wa zamani wa Barcelona na Hispania, alitangaza kutundika daluga Oktoba 8, 2024, akiwa na miaka 40. Tarehe hiyo inafanana na namba 8 aliyoivaa Barcelona. Wengi wakimtaja huanza na bao lake la fainali ya Kombe la Dunia 2010, Johannesburg. Mimi naanza na chenga yake, maana ndiyo iliyomwezesha kiungo wa mita 1.71 kupenya katikati ya mabeki waliomzidi kimo na nguvu.

Wahispania huiita la croqueta, na kabla yake ilijulikana kwa Michael Laudrup, Mdenmark aliyewahi kuichezea Barcelona. Mpira unao mguu wa kulia, beki yuko hatua moja mbele yako. Mwache aje. Akishanyoosha mguu kuufuata mpira, usukume kando kwa ndani ya mguu wa kulia, kisha ndani ya mguu wa kushoto iupeleke mbele papo hapo. Ni miguso miwili tu, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

Inaharibika wapi? Mguso wa kwanza ukiwa mkali, mpira unaupita mguu wa kushoto na beki wa pili anajiokotea. Mguso wa pili ukienda tena pembeni badala ya mbele, umehama tu, hujampita mtu. Lakini kosa kubwa ni haraka: beki ambaye bado amesimama sawasawa kwa miguu yote miwili atahama pamoja nawe. Hapo ndipo Iniesta alipowazidi wengine, alijua kusubiri. Na kabla pasi haijamfikia, alikuwa ameshageuza shingo kuangalia nani yuko nyuma yake.

Alizaliwa Fuentealbilla, Hispania, akaingia La Masia, shule ya soka ya vijana wa Barcelona, mwaka 1996 akiwa na miaka 12, akapandishwa timu ya kwanza 2002. Aliichezea Barcelona mechi 674, akabeba La Liga 9 na Ligi ya Mabingwa 4. Mabao ni 57 tu. Ila tazama alifunga lini! Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Mei 2009, Barcelona wakiwa pungufu, dakika ya 93, alipiga kwa nje ya mguu wa kulia na kuipeleka timu fainali. Mwaka uliofuata, uwanja wa Soccer City, Johannesburg, dakika ya 116, Fabregas akampasia, Hispania ikawa bingwa wa dunia.

Alipovua jezi siku ile, fulana ya ndani ilikuwa na jina la Dani Jarque, nahodha wa Espanyol aliyefariki Agosti 2009. Alilipa kwa kadi ya njano. Espanyol ni mahasimu wa Barcelona wa mji mmoja, lakini alipokwenda kwao Desemba 2010 mashabiki wao walimpigia makofi. Novemba 2015 ikawa zamu ya Bernabéu, uwanja wa Real Madrid: Real Madrid wamelala 4-0, yeye kafunga la tatu, na alipotolewa, watu wa Madrid walimshangilia. Wachezaji wa Barcelona waliopata heshima hiyo pale wanahesabika kwa vidole.

Mwaka 2018 alihamia Vissel Kobe ya Japani akiwa na miaka 34, na Kombe la Mfalme wa Japani likawa taji kubwa la kwanza katika historia ya klabu hiyo. Chenga ilikuwa ileile, na mabeki vijana waliendelea kunyoosha mguu, kwa sababu haikuwahi kutegemea mbio.