Njia ya Mama ya kwenda chooni: simiti imekauka, sasa ni mabomba

Mvua ya jana alasiri imepita juu ya ngazi mpya na maji yote yameingia mtaroni. Nimefurahi sana.

Kwa anayesoma leo kwa mara ya kwanza: Mama ana miaka 78, anaishi peke yake nyumbani karibu na Mbale, Vihiga, na hataki kuhamia kwangu Kisumu. Ana ng'ombe wake, kanisa lake, na mrenda wake nyuma ya jikoni. Naona ana haki. Basi badala ya kumhamisha, natengeneza pale panaponinyima usingizi, yaani mteremko wa kutoka mlango wa nyuma hadi chooni. Ni mawe na udongo mwekundu, na ukilowa hata kijana anateleza.

Ngazi tumezimwaga pana, kila moja ikipanda sentimita 15, bila kuzidiana. Mguu hukariri kipimo. Ngazi moja ikipanda zaidi ya nyingine, hapo ndipo mtu hujikwaa. Simiti ikiwa bado mbichi tuliipitishia ufagio wa vijiti ili ibaki na mikwaruzo.

Kazi kubwa imekuwa bomba la kushikilia. Fundi wa kuchomelea alitaka lile nene, lionekane imara. Nikakataa, kwa sababu vidole vya mzee vinapaswa kulizunguka bomba ndipo vilibane. Tumechukua la inchi moja, ambalo kwa nje ni milimita 34 hivi. Tulipomwita Mama alipime kimo, akasimama, akatutazama, akasema: "Usiku mkono huu una tochi, huu una birika. Hilo bomba nitalishika na nini?"

Swali hilo limebadilisha mpango wote. Sasa chooni kuna jerikeni ya lita 20 yenye koki, na kijana anayekamua ng'ombe huijaza kila asubuhi. Birika imebaki jikoni. Juu ya mlango wa nyuma nimefunga taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita, nyingine iko ukutani mwa choo. Mikono yote miwili iko huru.

Kitu kingine hakikuhitaji fundi. Mama anameza dawa za presha, na mtu akiinuka ghafla kitandani presha inaweza kushuka, kichwa kikazunguka. Kwa hivyo tumekubaliana akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu kidogo, ndipo asimame.

Mfuko wa mwisho wa simiti amelipa mwenyewe, kutoka kwa zile shilingi 2,000 za mwezi za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee. Nilipojaribu kukataa alikasirika, nikanyamaza.

Kilichobaki ni kiti cha kuweka juu ya shimo la choo, maana kuchuchumaa kunamuumiza magoti. Nimempima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti: sentimita 43. Seremala ameanza kukata mbao, na nimemwomba aweke mikono pande zote mbili, ya kujiinulia.