Wiki Niliyokuwa Bingwa wa Zege

Fomu ya kupanda cheo ilikuwa na kisanduku kimoja kilichoninyima usingizi: kipimo h, namba inayoonyesha makala za mtafiti zinanukuliwa kiasi gani na wengine. Mimi ni mtu wa kinga ya mwili, kazi yangu seli T na panya; nani kaninukuu mara ngapi sikuwahi kuhangaika nako. Nikauliza wenzangu. Mmoja akasema nijinukuu kwa wingi katika makala ijayo. Mwingine akanielekeza kwenye jarida linalochapisha ndani ya siku 5, mradi ulipe. Ushauri mbovu wote! Scopus na Web of Science, hifadhidata zinazohesabu nukuu za makala za kisayansi, zinakuwezesha kuziondoa nukuu za mtu kujinukuu kwa kubofya tu, na kamati inajua kubofya.

Kipimo chenyewe alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Unapanga makala zako kuanzia iliyonukuliwa zaidi, unashuka ukihesabu. Ukikuta namba ya mstari imezidi idadi ya nukuu, unarudi mstari mmoja, na hapo ndipo ulipo. Yangu ya 9 katika Scopus ilikuwa na nukuu 11, ya 10 ilikuwa na 7. Basi h yangu ni 9. Miaka yote ya kukesha maabara, 9!

Ndipo nikakimbilia Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandiko ya kitaaluma, ambao huokota mengi zaidi, hadi tasnifu za wanafunzi. Ikanimwagia rundo la makala, ikauliza kama ni zangu. Kwa haraka zangu nikakubali zote kwa mkupuo. Kuja kutazama, h 21! Nilifurahi, sisemi uongo. Nikaiweka kwenye slaidi, nikaiandika chini ya jina langu katika barua pepe, hata kutembea nikatembea tofauti. Baada ya wiki, kwenye kikao cha idara, mzee mmoja akavua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Daktari, hivi hizi kingamwili zako zimeanza lini kuzuia nyufa kwenye zege?"

Kumbe kuna mhandisi tunayefanana herufi ya kwanza na jina la ukoo. Makala thelathini na ushee za saruji na kokoto, zote nimejibebea. Usiku ule nilizifuta moja moja uso ukiwaka moto, kisha nikabadili mpangilio ili Google iniulize kwanza kabla ya kuniongezea kitu.

Lakini kufuta huko ndiko kulikonifumbua macho. Kama ya mwenzangu yameingia kwangu, yangu yako wapi? Kabla ya kuolewa nilichapisha kwa jina la baba. Baadaye nikaunganisha majina mawili, la baba na la mume, na jarida moja likayageuza nyuma mbele. Katika Scopus nilikuwa watu 3! Yule wa tatu, mwenye makala 1 tu, ndiye aliyekuwa tajiri: kurasa 4 kuhusu namna ya kuzimua kingamwili unapopaka rangi seli zilizotoka kwenye barafu. Nukuu 140. Jaribio langu la panya la miaka 5, lililonitoa machozi, lina 6. Niliumia, mpaka nilipokumbuka kuwa makala iliyonukuliwa kuliko zote katika sayansi ni ya Lowry ya mwaka 1951, ya kupima kiasi cha protini, yenye nukuu zaidi ya 300,000. Watu hunukuu kinachowasaidia Jumatatu asubuhi wakiwa na pipeti mkononi.

Nikafungua ORCID, namba ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti hata jina likibadilika, bure, na tangu hapo naipachika kwenye kila makala ninayotuma. Scopus nikawaomba waunganishe wale watu 3. Nayo bure, ila usingoje hadi fomu iko mezani kama mimi, maana inachukua siku, na siku zangu zilikuwa zinahesabika.

Majibu yalipokuja, ile ya 140 ikapanda juu kabisa, zikafuata mbili za jina la baba, yenye nukuu 15 na yenye 12. H ikawa 11. Nikahesabu tena kwa kidole: mstari wa 12 una nukuu 11, imepungua moja tu. Moja! Na makala yangu mpya iko hapa mezani, haijatumwa, nami namkumbuka yule wa kwanza aliyenishauri.