Siku tuliposoma kwamba Mungu akamkumbuka Nuhu

Nikiwa mwanafunzi wa theolojia nilipelekwa kwenye usharika mmoja wa Arumeru kwa mafunzo ya vitendo. Mwinjilisti alinipa ibada ya jumuiya, ile ya nyumba kwa nyumba, na jioni moja somo lilikuwa gharika. Nilipofika Mwanzo 8:1, "Mungu akamkumbuka Nuhu", bibi mwenye nyumba akanikatiza.

"Mwanangu, kwani alikuwa amemsahau?"

Swali la haki kabisa. Mstari uliotangulia unasema maji yalitawala nchi siku 150, na siku hizo zote hatusikii Mungu akisema na Nuhu hata neno moja.

Nikamwambia, "Bibi, Kiebrania kinasema vayyizkor." Mzizi wake ni herufi tatu, zayin, kaf na resh. Ile va- ya mwanzo, pamoja na y inayokazwa baada yake, ndiyo inayosukuma hadithi mbele, tendo likizaa tendo. Vitabu vyetu vya sarufi, vilivyoandikwa kwa Kiingereza, hutumia kurasa nyingi kueleza umbo hilo. Sisi tunalo tangu utotoni: ni -ka-. Nikawasomea mfululizo wenyewe polepole: akamkumbuka, akapitisha upepo, maji yakatulia, chemchemi zikafungwa, mvua ikazuiwa. Hata "akapitisha" ni kauli ya kutendesha, hifili kwa Kiebrania, na waliotutafsiria Biblia ya Union walipoandika "akavumisha upepo" waliishika kauli hiyohiyo. Nilizipenda sana -ka- zile, na bado nazipenda. Kukumbuka kumefungwa na upepo, huwezi kukutenga.

"Bibi, mjukuu akipanda basi kwenda Dar es Salaam ukamwambia 'unikumbuke', unataka akuwaze tu?"

"Nataka sukari," akajibu, na nyumba nzima ikacheka.

Basi zakar, kitenzi hicho cha kukumbuka, ndiyo hiyo. Mungu akamkumbuka Raheli, akamfungua tumbo. Akamkumbuka Hana, naye Hana akamzaa Samweli. Kitenzi hiki hakimtaki aliyesahau kwanza.

Fundi mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza, "Na yule mnyweshaji wa Farao je? Si yeye alisahau kweli?"

Alinifurahisha mno, maana pale ndipo kitenzi kinapong'aa. Tukafungua Mwanzo 40:14. Yusufu, akiwa gerezani pamoja na mnyweshaji huyo, anamwomba mara mbili kwa mzizi uleule: zekhartani, unikumbuke, kisha hizkartani, katika hifili, yaani unifanye nikumbukwe, ndiyo maana Biblia yetu inasema "ukanitaje" kwa Farao. Mnyweshaji akatoka gerezani, hakumkumbuka. Ikapita miaka 2 kamili. Farao alipoota na wenye hekima wa Misri wakashindwa kumfasiria, ndipo mnyweshaji akasema, "Nayakumbuka makosa yangu leo." Kwa Kiebrania ni mazkir, hifili tena: anayataja, anayatoa hadharani mbele ya mfalme. Neno alilosihiwa afanye gerezani ndilo analofanya sasa, na Yusufu akaitwa mbio, akanyoa, akabadili nguo zake.

Muda wa ibada ulikuwa umekwisha. Mwinjilisti akatazama saa, kisha akamwomba fundi asome sura ya 41 yote, naye akaisoma hadi Farao alipoivua pete yake akamvika Yusufu.