Bao la Tatu, Ngamiani

Nilishuka stendi ya Kange, Tanga, saa sita kasoro, miguu imekufa ganzi. Chalinze nililala, Segera nikaamka, Muheza nikanunua machungwa dirishani. La njiani ni hilo tu. Nilichokifuata Tanga ni baraza moja la wacheza bao ambalo shemeji yangu hulisifia kila Idi.

Barabara za Ngamiani huitwa kwa namba, kwa hiyo mgeni hapotei. Mimi nilipotea. Kilichonifikisha ni mlio wa vikombe vya muuza kahawa.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, karibu. Unacheza au unatazama?"

"Nacheza."

Wakatazamana.

Nikapewa mzee wa kofia ya viua. Bao lao limechakaa vizuri, mashimo 32 yamelainishwa na vidole, kete 64 za komwe. Tukatandika: sita nyumbani, yaani shimo kuu la mstari wa mbele, mbili, mbili kwenye mashimo ya kando yake, 22 mkononi kwa kila mtu. Mimi nikaanza kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja, kwa pupa. Mzee hana haraka. Anaangusha kete, anapiga funda la kahawa, anachukua kashata, anaanza kisa.

Walikuwa mashuani, anasema, wanavuka kwenda Pemba, bao katikati. Upepo ukakata, hakuna aliyejali, hata nahodha. Jua likazama, wakacheza kwa kurunzi. "Sasa upepo uliporudi..." Akanyamaza.

"Ukawaje?" nikauliza, nikanamua ovyo huku namtazama usoni.

Akaila nyumba yangu yote, kete kumi na mbili zilizoshiba. Kutoka hapo ikawa ni kuhesabu maiti. Mstari wa mbele ukabaki mtupu, na barazani wakaitikia kwa pamoja: "Hamna!" Mwisho wa kisa cha mashua hajaniambia mpaka leo.

Bao la pili nilitazama wengine. Mmoja akadai aliwahi kumfunga Mwalimu Nyerere. Kwamba Mwalimu alipenda bao linajulikana. Lakini kama wazee wote wanaosema walicheza naye wanasema kweli, sijui nchi iliongozwa saa ngapi.

Nilipokaa tena mbele ya mzee wa kofia, nikasema leo naye atakula dawa yake. Nikatoa kisa cha babu yangu wa Kilosa, aliyechimba mashimo ya bao ardhini chini ya mwembe. Mchezo ukilala, mvua ya usiku huuzoa wote, na asubuhi babu huapa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anashinda. Miaka yote ile hakuna masika aliyowahi kufungwa!

Baraza likaangua kicheko, muuza kahawa akaweka birika chini. Mzee naye alicheka mpaka machozi yakamtoka, ila macho yenyewe hayakubanduka kwenye bao.

"Tanga, waja leo waondoka leo," mtu akanikumbusha pembeni. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya saa tisa. Saa kumi na robo bado nilikuwa na kete saba mkononi.