Faili la 35 na safari ya ami

Ami yangu ana boti, hupeleka watu Pate na Faza, visiwani Lamu, na kila asubuhi kabla hajatoka huniuliza upepo ukoje leo, maana mimi ndo nashinda na kompyuta. Nikaona nimuandikie skripti ndogo ya Bash, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe, ichukue kasi ya upepo kwenye utabiri halafu imtumie mesiji, toka ama usitoke.

Siku 4 mfululizo mesiji ni usitoke. Siku ya 4 akanipigia, "Mwanangu, bahari shwari kama maji ya mtungini na hii yako yanambia nisitoke, kulikoni?" Na ashawarudisha abiria majumbani. Wallahi iliniuma.

Sharti lenyewe la kuamua lilikua hivi, if ni "kama", then ni "basi":

if [ $upepo > 35 ]; then

Ukisoma kwa macho halina kasoro, upepo ukizidi kilomita 35 kwa saa asitoke. Nilikaa nalo mpaka adhana ya alasiri sioni kitu, mpaka nilipofungua folda nikakuta faili linaitwa 35, tupu kabisa, na mimi sijalitengeneza. Hapo ndo nikaelewa. Kwenye mabano haya > hailinganishi namba, inapeleka matokeo ya amri kwenye faili, kwa iyo Bash inafungua faili jina lake 35 na ndani ya mabano inabaki $upepo peke yake, na mabano yakiwa na neno lolote jibu ni kweli, upepo uwe 50 uwe 5. Dawa ni -gt, yaani "kubwa kuliko":

if [ "$upepo" -gt 35 ]; then

Na hizo nafasi pembeni ya mabano msizile jamani, lile bano la kufungua lenyewe ni amri, ukiligandisha na neno linalofuata Bash inatafuta amri isokuwepo. Pia -gt inataka namba nzima, utabiri ukija 12.5 inagoma, mimi nakata desimali kwanza.

Nikaenda kumuonyesha ami. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa mbona umeanza na upepo? Mimi naanza na maji. Maji yakijaa napita Mkanda, ule mkondo wa kati ya kisiwa cha Manda na bara, ndani ya mikoko, kusi halinipati. Yakitoka ndo natazama upepo, maana itabidi nizunguke nje ya Manda."

Yaani sharti lote analo kichwani na mpangilio wake! Nikaandika kama alivyosema, elif ni "la sivyo, kama", else ni "la sivyo":

if [ "$maji" = "yamejaa" ]; then
  echo "Toka, pita Mkanda"
elif [ "$upepo" -gt 35 ]; then
  echo "Usitoke"
else
  echo "Toka, zunguka nje ya Manda"
fi

Bash inaanzia juu, ikikuta kweli ya kwanza haishuki tena, kwa iyo ningeweka upepo juu siku nyingi za kusi angekaa bure na Mkanda umejaa. Hiyo fi ya mwisho ni if iliyogeuzwa, ndo inafunga.

Hilo la maji bado naliingiza kwa mkono kila usiku, ami ananitajia saa ya kujaa kwa kuhesabu tarehe za mwezi wa kuandama, na mpaka leo hajakosea.