Samaki wa birika

Mwanzoni mwa mwaka 2018, Mombasa ikiwa katikati ya mlipuko wa chikungunya, homa inayoletwa na mbu, darasa letu la uuguzi lilipelekwa mitaani Lamu kwa mafunzo ya afya ya jamii. Tuligawanywa wawili wawili, na kila jozi ikapewa mama mmoja wa kikundi cha akina mama cha mtaa. Bila wao tusingefika popote. Nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani haziingiliki hivi hivi: ukipita daka, ukumbi wa mlangoni, kuna tekani, ukumbi wa ndani, ukipita tekani ndipo kiwanda, yaani ua wa nyumba, na kuna wageni waliozoea kuja miaka na miaka wasivuke baraza ya nje. Mama yule alikuwa akipiga hodi mara moja tu, sauti yake ikitambuliwa, mlango unafunguliwa.

Mimi ni wa Lamu, ila wa Langoni, nyumba ya udongo na makuti. Na chikungunya sikuijulia darasani. Mwaka 2004 nilikuwa darasa la pili. Asubuhi moja Mama aliamka hawezi kukunja vidole. Alikwenda msalani ameinama, mkono mmoja ukutani, akivuta hatua kama ajuza, naye hakuwa amefika hata miaka thelathini na mitano. Jirani wa kulia vivyo hivyo, wa kushoto vivyo hivyo. Mimi ndiye niliyemchana Mama nywele siku zile, kwa kuwa mkono haukupanda hadi kichwani. Jina lenyewe la ugonjwa linatoka kwa Wamakonde, kusini mwa Tanzania, ambako ulijulikana mara ya kwanza mwaka 1952, na maana yake ni kupindika. Nilipokuja kulisoma nilifunga kitabu kwanza. Watafiti waliopima damu za watu Oktoba ile walikuta watu watatu katika kila wanne kisiwani wameupata, na wakakadiria wagonjwa wasiopungua 13,500. Ukame ulikuwa umebana, kila nyumba ikiweka maji katika chombo chochote kilichopatikana, na mbu akapata pa kutagia humo humo ndani.

Basi nilipopewa fomu na kalamu, niliingia kazini nikiwa na deni moyoni. Kila maji yaliyo wazi nilitaka nione mwisho wake.

Nyumba ya tatu siku ile ilikuwa ya bibi mmoja anayeishi na wajukuu wake. Tulimwamkia, akatukaribisha, mama wa kikundi akamweleza tulilolijia. Nikaomba kuona chooni. Pale pembeni palikuwa na birika la chokaa, tangi la maji la kujengwa, kimo cha kiuno, maji yamejaa, halina kifuniko. Sikusita. Niliandika: birika wazi, hatari. Nikamwambia Bibi kwa adabu kwamba maji yale yamwagwe na birika litafutiwe ubao wa kufunika.

"Umeandika nini, mwanangu?"

Nikamsomea.

"Na ndani umetazama?"

Sikuwa nimetazama. Niliwasha tochi ya simu nikainama. Maji yalikuwa maangavu hadi chini. Hapakuwa na kiluwiluwi hata kimoja. Palikuwa na vijisamaki vya kijivu, virefu kama kipande cha kidole, vikakimbia mwanga vikajikusanya mahali pamoja, ndani ya bakuli la kauri lenye maua ya buluu lililojengewa kwenye sakafu ya birika. Bibi alisimama nyuma yangu akinieleza taratibu. Samaki hao hula watoto wa mbu. Siku ya kusugua birika, mai, ndiyo maji kwa Kiamu, hutolewa yote, nao hubaki bakulini mpaka mai mapya yaje. Alilikuta bakuli hilo alipoingia nyumba hiyo akiwa bibi harusi.

Nilikuwa nimepita mara elfu nje ya nyumba zile utotoni. Ndani sikuwahi kuingia, na fomu yetu ilitungwa na mtu ambaye naye hakuwahi.

Nilimwomba radhi, nikafuta nilichoandika. Kisha nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: mbu wanamsumbua wapi? Akasema juu, darini, na mchana, wala si usiku. Tulipanda. Kulikuwa na mapipa mawili ya plastiki, yaliyonunuliwa kwa sababu maji ya mfereji huja kwa zamu, moja limefunikwa kipande cha bati kilichopinda. Nilichota kwa kikombe cheupe nikakisogeza kwenye jua. Viluwiluwi walikuwa wakicheza humo, wanajikunja na kujikunjua, wanapanda juu kuvuta hewa na kushuka. Bibi alikishika kikombe kwa mikono miwili akakitazama kwa muda mrefu sana.

"Hawa ndio waliotulaza mwaka ule?"

"Ndio hawa, Bibi."

Hapo somo langu lilipata pa kukaa. Nilimwonyesha ukuta wa pipa, pale juu kidogo ya maji, kwamba mbu huyu hutaga hapo, na yai lake huweza kukaa kavu miezi likingoja maji. Kumwaga peke yake hakutoshi, lazima pipa lisuguliwe kwa brashi kila wiki, kwa kuwa kutoka yai hadi mbu ni kama siku saba hadi kumi. Mjukuu mkubwa alishuka kutafuta brashi kabla sijamaliza kusema. Mama wa kikundi akasema kesho atarudi na kitambaa kizito na mpira wa kufungia.

Jioni tulimweleza mwalimu wetu, naye akaongeza mstari kwenye fomu: birika lina samaki? Kwa wiki mbili zilizofuata, akina mama wa kikundi wakawa ndio wanaotuambia nyumba ipi ina mbegu ya samaki ya kugawa.

Siku ya mwisho Bibi alinipa saba, ndani ya kopo la maziwa. Nilitembea nalo Usita wa Mui, njia kuu ya mji, mzima, nimelikumbatia, punda wakinipisha kwa shida, hadi nyumbani Langoni, ambako tuna tangi dogo la saruji la maji ya kufulia na kuogea. Nilimweleza Mama kwamba maji haya asiyatie klorini kamwe, samaki watakufa. Ya kunywa ayaweke mbali, ayatibu, ayafunike. Nikamweleza na habari ya bakuli. Tangi lilikuwa limebaki maji nusu.

Nilidhani ataleta bakuli la plastiki. Alikwenda kabatini, akasogeza vikombe vya wageni, akatoa lile la kauri alilotunzwa siku ya harusi yake, akakunja mkono wa gauni lake la dira hadi begani, akalizamisha polepole mpaka likagusa chini.

"Haya," akasema, "watie."