Ugunduzi wangu wa mwaka 1937

Kwa siku kumi na moja niliamini nimegundua kitu katika hisabati. Nilitembea kama mtu aliyebeba yai mfukoni.

Ilikuwa mwaka 2012, nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu matriksi, yaani majedwali ya namba. Anayesoma aljebra ya mstari hukutana mapema na tokeo moja zuri. Chukua matriksi ya mraba. Ikiwa katika kila safu namba iliyo kwenye ulalo mkuu (mstari wa mshazari kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia) inazidi jumla ya wenzake wote wa safu hiyo (tunapima ukubwa tu, alama ya kutoa tunaiacha), basi determinanti, namba moja inayokokotolewa kutoka matriksi nzima, haiwezi kuwa sifuri. Usiku mmoja nikaona kwamba sharti hilo ni kali kupita kiasi. Si lazima kila safu ijitosheleze. Inatosha kwamba ukichukua safu mbili zozote, zao (jibu la kuzidisha) la namba mbili za ulalo linazidi zao la zile jumla mbili za wenzake. Safu moja dhaifu inabebwa na wenzake. Uthibitisho ulinichukua mistari sita: chukua vekta (orodha ya namba, si zote sifuri) ambayo matriksi inaigeuza kuwa sifuri, tazama namba zake mbili zilizo kubwa kuliko zote, andika kinachotokea kwenye safu zao, zidisha, kwisha.

Msimamizi wangu aliisoma karatasi akiwa amesimama mlangoni.

"Uthibitisho hauna kosa," akasema. "Sasa nenda maktaba ukaangalie ni wa nani."

Hakusema "kama una mwenyewe". Alisema "ni wa nani". Nilimwitikia "Sawa, Profesa," nikaondoka nimenuna.

Nikaanza kutafuta peke yangu, usiku, kwa nenosiri la maktaba ya chuo. MathSciNet, hifadhidata ya Chama cha Hisabati cha Marekani, ilikuwa haifunguki bila chuo kulipia, kwa hiyo kuingia tu kulinipa fahari kidogo. Nikaandika maneno yangu: matriksi, ulalo wenye nguvu, zao. Yakaja mamia ya makala, mengi yakihusu njia za kompyuta za kutatua milinganyo. Nikapunguza kwa namba za uainishaji wa hisabati. 15A18 ndiyo ya thamani-aigeni, namba maalumu ambazo kila matriksi ya mraba inazo; 15A42 ni ya mambo ya kubwa-kuliko na ndogo-kuliko yanayozihusu. Nikaongeza neno, nikaongeza jingine, hadi kompyuta ikajibu kwamba hakuna kitu. Jibu hilo nililipokea kama cheti. Nililala vizuri sana.

Leo najua nilichokuwa nimekifanya: nilikuwa nimebana maneno mpaka yakaninyamazia, halafu nikauita ukimya ule ushahidi. Ubaya wa makala za hisabati ni kwamba fomula yenyewe huwezi kuiandika kwenye kisanduku cha kutafutia ukategemea ijitokeze. Unatafuta kwa maneno yaliyoizunguka, na maneno hayo aliyachagua mtu mwingine, pengine kabla babu yako hajaoa.

Siku ya kumi na moja nilikwenda kwa mkutubi wa kitengo cha sayansi. Nilitaka anisaidie kuchapa orodha ya marejeo, wala si kutafuta. Alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kwa kamba shingoni, na hisabati hakuisoma baada ya sekondari, aliniambia mwenyewe. Akaitazama orodha yangu.

"Mbona makala zako zote ni za juzi, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba za zamani hazikuwepo. Nilitafuta.

"Ulitafuta kwa maneno gani?"

Nikamwonyesha. Akauliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza: "Na hawa wa zamani, kitu hiki walikuwa wanakiitaje?"

Jibu nilikuwa nalo, na hilo ndilo lililoniuma. Katika kitabu fulani nilikuwa nimesoma tanbihi kwamba thamani-aigeni, mwaka 1883, mwanahisabati Sylvester aliziita "mizizi iliyofichika", na kwamba waandishi wa Kiingereza waliofuata walipenda kuziita "mizizi bainishi". Niliisoma kama kichekesho nikaendelea na safari. Mama akavuta kibodi, nikamtajia herufi moja moja, na katika ukurasa wa kwanza kabisa wa majibu akawapo Alfred Brauer, *Duke Mathematical Journal*, juzuu ya 14, mwaka 1947: mipaka ya mizizi bainishi ya matriksi, sehemu ya pili. Kila mzizi uko ndani ya umbo la yai, ambamo zao la umbali wake kutoka namba mbili za ulalo halizidi zao la jumla mbili za safu.

Nilijaribu kujitetea. Nikamwambia mama kwamba Brauer anazungumzia mizizi, mimi nazungumzia determinanti. Akanitazama tu. Utetezi ule ulidumu kama dakika mbili, kwa sababu namba ni mzizi wa matriksi pale tu ukiitoa kwenye ulalo determinanti inapokuwa sifuri. Sentensi yake na yangu ni kitu kimoja kilichogeuzwa upande.

"Tusiishie hapo," akasema, na sasa nadhani alikuwa anafurahia. Akabonyeza mahali panapoonyesha nani walimrejelea Brauer baadaye. Tukafungua makala hizo moja baada ya nyingine, na katika kadhaa kati yake kulikuwa na jina lililotangulizwa kabla ya Brauer: Ostrowski, 1937.

Hapo nikajifunza jambo jingine ambalo ningepaswa kulijua tangu mwanzo. Tathmini za MathSciNet zinaanzia 1940. Kabla ya hapo ulikuwa unahitaji Zentralblatt ya Wajerumani, hifadhidata nyingine ya tathmini za makala za hisabati, iliyoanza 1931, na nyuma yake zaidi kile kitabu cha mwaka cha Wajerumani haohao ambacho juzuu yake ya kwanza inahusu 1868, na ambacho kimeunganishwa humohumo. (Siku hizi hifadhidata hiyo ni bure kwa yeyote, tangu 2021. Wakati ule nayo ilikuwa ya kulipia.) Kwa hiyo mpinzani wangu alikuwa amekaa miaka mitatu nje ya ukuta niliokuwa nikiupekua.

*Commentarii Mathematici Helvetici*, juzuu ya 10, ilikuwa chini kabisa, kwenye zile rafu zinazosogezwa kwa usukani. Ukurasa wa 69. Makala ya kurasa 28, ya Kijerumani, na Kijerumani sikijui. Lakini kwenye kichwa chake nililitambua neno la determinanti na neno la ulalo mkuu, nikaanza kupekua nimesimama. Kisha nikaiona. Namba mbili za ulalo upande wa kushoto, alama ya kubwa-kuliko, jumla mbili upande wa kulia. Maneno ya juu yake sikuyaelewa hata moja, wala ya chini yake, na katikati palikuwa na mstari ambao nilidhani umeandikwa kichwani mwangu tu. Sikusikia uchungu niliotarajia. Nilicheka, peke yangu kati ya rafu.

Profesa alipoiona nakala hakushangaa. Akanisimulia kwamba hata lile tokeo la kwanza, la safu moja moja, lilithibitishwa na Lévy mwaka 1881, Desplanques 1887, Minkowski 1900, Hadamard 1903, hadi mwaka 1949 Olga Taussky akaliandikia makala nzima kama teoremu isiyokoma kurudi.

Nikamwambia nimebaki na sura ya pili: safu tatu tatu badala ya mbili mbili. Akachukua bahasha akachora matriksi ya safu nne. Ulalo wote ni moja. Akaongeza moja nyingine mbili: kwenye nafasi ya pili ya safu ya kwanza, na nafasi ya kwanza ya safu ya pili. Kwingine kote sifuri. Safu ya tatu na ya nne hazina kitu nje ya ulalo, jumla zao ni sifuri, na safu tatu zozote utakazochagua lazima ziwe na mojawapo ya hizo. Sharti langu linatimia. Lakini safu mbili za juu zinafanana kama mapacha, na determinanti ni sifuri.

Nikamwuliza mfano huo ni wa nani. Akaigeuza bahasha upande wa pili, kana kwamba jina lingeweza kuwa huko, akasema hakumbuki.